Ukuta Ulioliwa

Mlangoni kwa maabara yetu imebandikwa karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Herufi zake ni kubwa na zimelala upande, kwa sababu nilijifunza kuandika nikiwa tayari na ndevu. Inasema: Usile humu. Usinywe humu. Usiingie na kandambili. Chupa isiyo na jina ni adui. Watu wa ofisini walitaka kuibandua waweke iliyochapwa kwa mashine, yenye nembo ya chuo. Nikawaambia yao waiweke chini ya yangu. Mpaka leo zipo mbili, na wanafunzi husoma ya juu.

Nimesoma mpaka darasa la tatu, tena ukubwani, na sioni haya kulisema. Katika tawi la chuo kikuu lililoko huku kwetu Geita, mimi ndiye ninayesimamia usalama wa maabara na taka zake. Kila Jumatatu nafungua mwenyewe bomba la kuoshea macho, maji yatoke mpaka kutu iishe. Kila pipa la taka nalikagua kama mfugaji anavyokagua ng'ombe aliyenunua mnadani. Nimewahi kumzuia profesa mlangoni na kikombe chake cha chai. Alinitazama, akakitazama kikombe, akainywa chai yote akiwa amesimama nje juani, ndipo akaingia. Hatujagombana mpaka leo.

Lakini haya ninayoyaandika si ya maabara peke yake. Ni ya jiko langu, na nitayasema yote, hata yale yanayonishusha.

Kabla ya chuo nilikuwa mchimbaji. Niliingia mashimoni kijana, nikatoka na mwalo wangu mwenyewe, yaani uwanja wa kusagia mawe na kuoshea dhahabu. Kazi ya mwalo ni zebaki. Unaimwaga kwenye karai la mchanga uliosagwa, unakanda kwa mikono mitupu, nayo inazunguka humo ikiikusanya dhahabu. Unakamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge cheupe. Hapo unakiweka motoni. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki.

Sasa moto huo unauwasha wapi? Mwaloni kuna macho mengi. Ukichomea pale, kabla kidonge hakijawa chekundu, kila mtu amekwisha kujua umepata kiasi gani. Basi sisi tulichomea nyumbani, jikoni, tumefunga mlango. Moshi ukitoka jikoni hakuna anayeuliza unapika nini. Tulijiona wajanja. Wake zetu walikuwa humohumo wanasonga ugali, watoto wanasubiri ukoko, na sisi kwenye mafiga ya pili tunapuliza mkaa chini ya kifuniko cha sufuria.

Jiko langu liko nyuma ya nyumba, mtaani Kalangalala hapahapa Geita, banda la tofali za udongo zisizochomwa. Nyumba ya bati niliyoijenga ilitoka katika jiko lile. Ada za watoto zilitoka humo. Kwa hiyo nililipenda, na mke wangu alilipenda zaidi, maana mafiga yake alipewa na mama yangu.

Dhahabu ilipokata, nikauza mashine, nikaajiriwa chuoni kama mlinzi wa geti. Siku moja nikasikia kelele maabara. Chupa ya zebaki imeanguka imepasuka, na wanafunzi wameshika mifagio, wanafagia. Nikapiga ukelele waache. Nikawaambia zebaki haifagiliwi, ukiifagia unaizalisha, punje moja inakuwa mia na zinakimbilia nyufani. Nikawafungulia madirisha, nikawatoa wote nje, nikapiga magoti na kipande cha karatasi ngumu nikaikusanya punje kwa punje.

Mwalimu wa kemia alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Ni mama wa Kitanga, Mwislamu, mwenye mtandio uliofungwa vizuri siku zote na ulimi usiopamba kitu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Akaniuliza nani alinifundisha kuikusanya vile.

"Mfuko wangu," nikamwambia. "Zebaki ilikuwa mali. Mali haifagiliwi."

Hakucheka. Alinikalisha kwenye kiti, akanieleza kwamba nilichokuwa nakiita mali ni sumu, na mbaya zaidi ni ule moshi. Akasema moshi huo haupotei angani, unarudi na kushika kwenye ukuta, kwenye paa, kwenye sakafu, na unakaa hapo miaka. Mikono inatetemeka. Watoto wanaathirika wakiwa bado tumboni. Yeye ndiye aliyenitoa getini akaniingiza maabara, akanifundisha mpaka ofisi ikakubali kunipa usimamizi. Deni langu kwake ni kubwa. Ila siku ile ya kwanza, alipotaja ukuta, mimi nililifikiria jiko langu papo hapo.

Na nilifanya nini? Jumamosi yake nikachimba udongo mpya, nikalikandika jiko ndani na nje, na juu nikapaka chokaa. Mke wangu akauliza kuna sherehe gani. Nikamwambia nataka pang'ae. Sikumweleza zaidi. Nikajiambia yamefunikwa, yamekwisha. Kisha nikaenda kuwafundisha watu wengine habari ya sumu.

Miaka ikapita. Mwanangu wa mwisho, dereva wa lori la mizigo, akaoa binti wa Nyasubi, kule Kahama, akamleta kwangu kwa sababu yeye mwenyewe hulala njiani. Binti mpole, mchapakazi, anayejua kunyamaza. Na kwetu Wasukuma baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Simtazami usoni, yeye hanitazami. Njiani tukikutana mmoja anapisha mbali. Jikoni akiwemo, mimi siingii. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mama mkwe, naye ananiambia mimi hata kama nimekaa hatua tatu kutoka hapo. Hiyo ndiyo heshima. Nimelelewa nayo na sikuwahi kuiona kuwa mzigo.

Mimba yake ya kwanza ilitoka. Kwetu jambo kama hilo halibaki bila mwenyewe. Dada za mke wangu walikuja, wakakaa siku mbili wakinong'ona, na walipoondoka jina lilikuwa limeshapatikana: mjane jirani yetu, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, ambaye alikuwa akimpitishia mkwe wangu mboga za majani. Hakuna aliyemgusa, nashukuru. Ila hakuna aliyemwamkia tena. Mimi nilinyamaza, na mwenye mji akinyamaza, amekubali.

Mimba ya pili ikaja. Mji mzima ukawa unatembea kwa vidole.

Siku moja nilirudi mchana kuchukua miwani yangu. Nilipita nyuma ya nyumba, mlango wa jiko uko wazi, ndani hakuna mtu. Jua lilikuwa limeingia moja kwa moja likapiga ukuta wa ndani. Nikaona shimo. Siyo tundu, ni shimo la kuingia ngumi mbili, kwenye kimo cha mtu aliyekaa kigodani. Kingo zake zilikuwa laini, zimekwanguliwa vizuri. Chokaa yangu imekatika, udongo mpya umekatika, na ndani kabisa unaonekana ule wa zamani, mweusi kwa moshi.

Nikamwita mke wangu, nikamwambia kuku wanadonoa ukuta, awafungie.

Akacheka mpaka akashika mlango. "Kuku gani mwenye kijiko? Huyo ni mkweo. Mvua hii magari ya Kahama hayaleti udongo wa kula, basi amehamia ukutani. Mwache ale, hata mimi nilikula wa mama yako."

Kila mtu hapa anajua wajawazito hula udongo. Kule Nyasubi unauzwa sokoni, umepangwa vipande vipande kama vidole, na harufu yake ni ya mvua ya kwanza. Wengine hukwangua kichuguu, wengine ukuta. Mimi pia nilijua. Lakini katika miaka yote ya kukagua nani anakula karanga maabara, nani amelamba kidole, sikuwahi kufikiri kwamba nyumbani kwangu ukuta wenyewe unaweza kuwa chakula.

Nilikaa kwenye tofali. Mke wangu akaacha kucheka. Akaniuliza naumwa wapi. Wakati huo ndipo nilipoitazama mikono yake, imeshika kikombe, na kikombe kinagongagonga ukingo wa bakuli. Tulikuwa tumekubaliana ni uzee.

Nikarudi chuoni. Tunacho kipimo cha mkononi kinachonusa mvuke wa zebaki, na sheria ni yangu mwenyewe: hakitoki bila kuandikwa daftarini, nani anakichukua, kinakwenda wapi, kwa sababu gani. Daftari liko mezani, kila mtu analisoma. Ningeweza kukitia kwenye mfuko wa koti, nani angenikagua mimi? Nikashika kalamu. Nikaandika jina langu. Kwenye "wapi" nikaandika: jikoni kwangu. Kwenye "sababu" mkono ukagoma kwanza. Kisha nikaandika: nilichomea humo.

Mwalimu alisoma kupitia begani kwangu. Akavua koti jeupe, akachukua mkoba wake. "Mzee, twende wote."

Jikoni kipimo kilianza kulia kabla hatujafika kwenye mafiga. Kwenye lile shimo kililia mfululizo. Mwalimu alikizima, akasema kwamba kuanzia leo mtu asipike humu tena, na kwamba lazima tujue binti amekula kwa muda gani na kiasi gani, kisha aende hospitali.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipokuwa. Mkwe wangu alikuwa amejifungia chumbani. Ameona mgeni na mashine inayolia, ameona baba mkwe ameingia jikoni, amejua ni kwa ajili yake. Mke wangu akamuuliza, akajibu hajala. Mwalimu akamuuliza kwa upole, akajibu hajala. Nani angekubali? Mimba ya kwanza imetoka, watu wanamhesabia hatua, na sasa aseme amekula ukuta wa mama mkwe kama mwizi? Mke wangu akasema tumwache, atasema mumewe akirudi. Mumewe alikuwa njia ya Kigoma.

Nikaenda nikakaa chini, kwenye sakafu ya varanda, mgongo wangu nimeuegemeza kwenye ukuta wa chumba chake, chini ya dirisha. Mke wangu alipoelewa ninachotaka kufanya akaficha uso kwa khanga. Sijawahi kuona mwanamume wa umri wangu akizungumza na mkwe wake habari ya tumbo lake. Baba yangu angeniona, angetoka kaburini kunipiga fimbo.

"Mayu," nikaita. Ndiyo neno letu la kumwita mama, na ndivyo unavyomwita mkwe unayemheshimu. "Hujafanya kosa. Kosa ni langu. Ukuta ule niliutia sumu mimi, kwa miaka mingi, nikitafuta bati hili unalolala chini yake. Niambie umekula tangu lini."

Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia amekuja karibu na dirisha, kwa maana sauti ilipotoka ilikuwa juu ya kichwa changu.

"Tangu mvua zianze," akasema. Nilidhani amemaliza. "Na ile ya kwanza pia."

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu lakini hakuandika. Mimi niliinuka bila kugeuka, nikaenda kutafuta gari la kuwapeleka hospitali.

Walipimwa wote wawili, mkwe na mke wangu, na mimi nikapimwa. Zebaki ya mkwe ilikutwa mwilini, daktari akasema asiule tena udongo ule hata chembe, ahudhurie kliniki bila kukosa. Ya mke wangu ilikuwa nyingi kuliko ya mkwe. Yangu nilijua itakuwepo. Nikamuuliza daktari kama mimba ile ya kwanza ilitoka kwa ajili ya ukuta. Akasema hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema siyo. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

Jiko tulilivunja siku iliyofuata, mimi na mwalimu na wenzangu wa maabara, tumevaa barakoa, glavu na mabuti, tunalimwagia maji kwanza lisitoe vumbi. Majirani walijaa uani. Mtu akauliza kama tunatafuta dhahabu iliyofukiwa. Nikamwambia ndiyo, na nimeipata. Watu wakacheka. Mke wangu hakulia kwa ajili ya kuta, alilia nilipoyatoa mafiga ya mama yangu na kuyaweka kwenye pipa pamoja na udongo, nikafunga mfuniko. Akasema hata hayo? Nikamwambia hayo ndiyo ya kwanza.

Kila pipa la taka kwetu lina karatasi, na kwenye karatasi kuna mstari wa mwenye taka, yaani nani ameizalisha. Wanafunzi hupenda kuuacha wazi, nami huwarudishia. Mapipa yale niliyaandika mwenyewe, jina langu lote, na jina la baba yangu. Yalikaa kwenye ghala la taka mpaka wenye kibali walipokuja kuyachukua. Wanafunzi waliyaona. Hakuna aliyeniuliza, na tangu siku hizo sijawahi kukuta mstari ule wazi.

Kisha nikaenda kwa yule mjane. Nilimwamkia, ingawa kwa umri yeye ndiye mdogo, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamweleza ukuta ulivyokuwa na nani aliyeutia sumu. Alikuwa anachambua mchicha na hakuacha.

"Kumbe mchawi alikuwa na nyumba ya bati," akasema.

Nikamsaidia kuchambua mchicha mpaka ukaisha. Jioni yake mke wangu alimpelekea unga. Dada zake hawakufurahi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti. Nilisubiri nje ya nyumba siku saba kama desturi. Siku ya nane nilikuwa nimekaa uani nanoa jembe, mkwe wangu akatoka naye. Kwa kawaida angempa mama mkwe, mama mkwe anipe mimi. Akampita mke wangu aliyekuwa anaosha vyombo, akaja moja kwa moja, akanyoosha mikono. Nikaacha jembe. Nikampokea.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikaangalia vidole vyake, kimoja kimoja, kama vinatetemeka. Vidole vya kitoto kichanga vyote vinatetemeka. Huwezi kujua.

Mkwe wangu hakuondoka. Alisimama pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika mji wangu akanitazama usoni.

"Baba," akasema. "Ulijua?"

Mke wangu akaacha vyombo. Ningeweza kumjibu kwamba sijasoma, na ingekuwa kweli. Ningeweza kusema zamani wote tulichomea jikoni, nayo ni kweli.

"Nilijua," nikamwambia. "Tangu siku nilipopaka chokaa."

Kisha akainama, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamfunika vizuri. Akasema anakwenda kumnyonyesha. Akaingia ndani.

Siku ile hakumrudisha, wala ya pili. Siku ya tatu alimleta, akaniwekea mapajani, akaenda zake kuanika nguo.

Sasa mtoto anatambaa. Daktari amesema aangaliwe mpaka atembee, mpaka aseme, na baadaye pia. Kliniki nampeleka mimi na mama yake, kwa sababu baba yake bado yuko barabarani. Wazee wenzangu wanaopita pale wanatuona, baba mkwe na mkwe wake kwenye benchi moja, mkoba wa nepi katikati yetu. Wengine hugeuza shingo. Mmoja aliniambia nimeharibika kwa sababu ya chuo. Nikamwambia aende akakague jiko lake.

Zamu yetu ikifika tunaingia wote. Daktari humpa mtoto kijiti cha mbao akishike. Mama yake anamtazama usoni kama anacheka. Mimi naangalia mkono.